Ujira wa Asiyeandikwa

Katika madeni yote ambayo mtu aweza kumdai mwenzake, deni la ujira lina sifa yake ya peke yake. Aliyekopesha fedha aweza kurudishiwa fedha. Aliyeazimisha jembe aweza kurudishiwa jembe. Lakini aliyetoa siku yake ya kazi hawezi kurudishiwa siku. Jua lililomchwea katika shamba la mwingine halimchomozei tena. Kwa hiyo ujira ni badala ya kitu kisichorudi, na kumnyima mtu ujira wake ni kumpunguzia umri. Nataka kusema habari za deni hili kama nilivyoliona katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako nilizaliwa na ambako hurudi kila chuo kinapofungwa. Nataka pia kuzisema kwa njia ya maneno, maana kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na mara nyingi lugha hukumbuka mambo ambayo wasemaji wake wamekwisha kuyasahau.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hata mwaka 2012, Kyerwa ilipojitenga. Ni nchi ya vilima na mabonde, yenye mvua ya kutosha na watu wakarimu. Mto Kagera huzitenga wilaya hizi na Rwanda upande wa magharibi, na kaskazini, hapo Murongo, huitenga Kyerwa na Uganda. Burundi nayo haiko mbali kwa mtu aliyezoea kwenda kwa miguu. Njia yake hupita Ngara. Katika kila kibanja migomba na mibuni hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja: mgomba hulisha nyumba, na mbuni huleta fedha ya karo, ya bati na ya matibabu. Lakini kibanja hakijitunzi. Hutaka kupaliliwa, kukatwa majani makavu, kutandazwa nyasi, kupogolewa. Na msimu wa kahawa ukifika hutaka mikono mingi ya kuchuma na kuanika. Vijana wengi wa nchi wamekwenda shule na mijini, na wazee wamebaki na mashamba yaliyo mapana kuliko nguvu zao. Nafasi hiyo imejazwa kwa miaka mingi na wageni, hasa Warundi na Wanyarwanda.

Wageni hawa si wageni sana. Lugha zao na Kinyambo zina undugu wa karibu, na mtu wa Nkwenda na mtu wa ng'ambo ya mto huweza kusikilizana kabla ya kufundishana. Hupatana na mwenye shamba kwa mdomo. Hupewa kibanda cha kulala uani na chakula cha jikoni, na ujira wa mwezi huwekwa na mwenye shamba mwenyewe mpaka siku ya kuondoka, kwa kuwa mgeni hana sanduku wala benki, na fedha mkononi mwa mtu alalaye katika kibanda kisicho na mlango ni hatari. Mahali penye uaminifu mpango huu ni mwema, na nimeona wengi waliokwenda kwao na fedha yao kamili na zawadi juu yake. Mahali pasipo uaminifu mpango huu ni mtego: kadiri mtu afanyavyo kazi zaidi, ndivyo anavyozidi kumkopesha tajiri wake, na ndivyo tajiri anavyozidi kupata sababu ya kutamani aondoke.

Hapa nageukia maneno. Kiswahili kina majina manne ya kale ya watu wa ujira, na kila jina lina historia ndani yake.

La kwanza ni mpagazi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilipita Karagwe kwenda Buganda, ikawa na kituo hapo Kafuro. Na mtu aliyechukua mzigo kwa ujira aliitwa mpagazi, akiwa chini ya mnyapara. Aliitwa kwa mzigo wake. La pili ni kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa huko pwani na Unguja ili aionyeshe saa ya kulipwa. Jina la hati likahamia kwa mwenye kuishika, na leo mtu huitwa kibarua ingawa hana hata kijikaratasi mkononi. La tatu ni kipande. Wakati wa utawala wa Waingereza katika Tanganyika, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku iliyotimizwa ilitiwa alama. Siku ambayo kazi yake haikumalizika haikuhesabiwa. Na mshahara ulingoja kadi ijae. La nne ni manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandika watu wa kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ikawatafuta watu katika sehemu za mbali, kama vile Kigoma, na hata Ruanda-Urundi, ikawapeleka kwenye mashamba ya mkonge. Kila aliyeandikwa alipewa namba, naye akaitwa kwa namba hiyo. Wingi wa watu hao ukawa manamba.

Mzigo, hati, kadi na namba: katika majina yote manne jina la mtu halimo. Alilopewa na mama yake liliachwa nyumbani, akaitwa kwa kitu alichokishika. Dharau hii yaonekana waziwazi, na wazee wetu waliolipigania taifa waliilaani kwa haki. Walakini kuna jambo la pili ambalo huonekana kwa kutazama tena. Hati, kadi na namba zilikuwa za faida ya bwana, lakini ziliweza pia kutoa ushahidi. Mwenye kipande chenye alama 30 aliweza kukiweka mezani mbele ya karani na kusema: hizi ni siku zangu. Karatasi ile ile iliyomfanya kuwa kitu ilikuwa yamkini shahidi wake wa pekee. Mtu wa ujira katika vibanja vyetu leo amerithi jina la kibarua bila ya barua yenyewe. Dharau imebaki, ushahidi umepotea.

Sisi wenyewe wa Karagwe tulipata kuwa wageni wa namna hii. Babu yangu mzaa baba alipokuwa kijana alivuka mpaka kwenda Buganda, kama walivyofanya wengi wa rika lake, kulima katika mashamba ya pamba na kahawa ya watu wengine. Waganda wana neno lao, kupakasa, maana yake kufanya kazi ya ujira, na mwenye kuifanya ni mupakasi. Hakuna masikio ya Kiswahili yasiyomsikia mpagazi wetu ndani yake. Mwaka 1954 Audrey Richards, aliyekuwa akiongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki hapo Makerere, alihariri kitabu kizima juu ya wafanyakazi wahamiaji wa Buganda. Wengi wao walikuwa watu wa Ruanda-Urundi, wakiikimbia kodi, kazi ya lazima na kiboko cha watawala wa Kibelgiji; lakini watu wa Tanganyika pia walikuwamo. Babu alikuwa akisema kwamba safari ya kwenda ilikuwa nyepesi, na kwamba uzito ulikuwa katika kungoja siku ya malipo, usijue kama mwenye shamba ataamka na sura ile ile aliyolala nayo.

Sasa nisimulie jambo nililoliona. Si miaka mingi iliyopita, katika kijiji ambacho sitakitaja, palikuwa na mtu kutoka ng'ambo ya mpaka aliyefanya kazi miezi tisa katika kibanja kilichopakana na cha ukoo wetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Alipalilia, akatandaza nyasi, akachuma kahawa, akaianika, akailinda usiku isinyeshewe wala isiibwe. Katika miezi tisa alichukua fedha kidogo mara mbili, mara moja ya dawa na mara moja ya viatu. Iliyobaki ilikuwa kwa mwenye shamba. Kahawa ilipouzwa aliomba ujira wake ili arudi kwao kabla ya kupanda maharage. Aliambiwa angoje wiki moja. Siku ya nne, alfajiri, mgambo walikuja pamoja na ofisa, wakauliza kibali chake cha kukaa nchini. Hakuwa nacho. Akachukuliwa.

Haikuchukua muda kujulikana ni nani aliyepeleka habari. Aliyepeleka hakujificha sana. Nilikuwapo jioni ile baba yangu mdogo alipomwendea jirani yake na kumsalimu kwa adabu kama ilivyo desturi, kisha akamwuliza:

"Ndugu yangu, yule mtu umemlipa?"

"Nimlipe nani?" akajibu. "Si ameondoka? Serikali imemchukua."

"Serikali imemchukua yeye. Fedha yake imechukuliwa na nani?"

Jirani akatazama mibuni yake, asijibu. Tukakaa kidogo, tukaaga, tukarudi.

Nimelifikiri jibu lile mara nyingi. Halikuwa na uongo ndani yake. Ni kweli kwamba yule mtu aliondoka. Ni kweli kwamba Serikali ilimchukua. Ni kweli pia kwamba ofisa alitenda wajibu wake, kwa kuwa aliulizwa juu ya kibali, hakuulizwa juu ya mshahara. Kila mmoja alishika kipande chake cha kweli, na kwa vipande hivyo vya kweli dhuluma kamili ikatengenezwa. Mdaiwa alikuwa ameitumia sheria kama kaburi la deni. Wala yeye si wa kwanza kuivumbua hila hii. Viongozi katika mikoa ya mpakani wamepata kuwaonya wakulima wanaowatumikisha wageni kisha wakawataja kwa wakuu wakati wa malipo unapokaribia.

Yeyote adhaniaye kwamba hila hii ni ya wanakijiji wasiosoma na atazame mbali zaidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliokwenda Omani na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani. Wengi walisimulia kunyang'anywa pasi na kunyimwa mishahara. Chini ya utaratibu wa huko uitwao kafala, ukaaji wa mfanyakazi katika nchi hufungamana na mwajiri wake. Akitoka katika nyumba ile bila ya ruhusa, mwajiri aweza kumtangaza kuwa mtoro, na mdai akageuka mhalifu kwa siku moja. Tunapozisikia habari hizo hulia kwa ajili ya binti zetu, nasi tuna haki ya kulia. Lakini machozi yanayomlilia binti wa Kitanzania aliye Maskati na kumkaukia mwana wa Kirundi aliye Kyerwa yana kasoro.

Najua kuna atakayesema: je, nchi haina haki ya kulinda mipaka yake? Inayo, wala sibishani na jambo hilo. Mkoa wa Kagera umeonja uchungu wa ujambazi wa barabarani na wa makundi ya ng'ombe yaliyoingia bila ya idhini. Rais Jakaya Kikwete alipokuwa ziarani mkoani mwezi Julai 2013 aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili za kuondoka, na mwezi Septemba mwaka huo ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa nchini miaka mingi, waliooa na kuolewa, wenye watoto wasiojua kwingine. Hukumu ya mambo yale nawaachia wanahistoria. Mimi nasema neno moja tu: haki ya kukaa ni jambo moja, na haki ya kulipwa ni jambo jingine. Ya kwanza huitoa Serikali, nayo yaweza kuiondoa. Ya pili hutoka katika kazi yenyewe, na kazi ikiisha kufanyika hakuna amri iwezayo kuifanya isiwe imefanyika. Mtu aweza kuvushwa mto, lakini palizi yake haivuki. Imebaki shambani, na mbuni umekwisha kuinywa.

Sheria zenyewe hazilikatai jambo hili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 23, inaposema juu ya malipo ya haki kwa afanyaye kazi, hutumia neno mtu. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno hilo bila ya kulisimamia. Waandishi wa Katiba walilijua neno raia, wakalitumia mahali pengine walipolitaka. Hapa waliandika kila mtu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, humhesabu mtu kuwa mwajiriwa kwa kuitazama hali ya kazi yake, kama vile ni nani amwongozaye na ni nani apangaye saa zake. Haimtaki kwanza alete karatasi ya mkataba. Na Mkataba Namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, huweka kanuni kwamba hata mhamiaji ambaye ukaaji wake haukufuata sheria abaki na haki ya ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya. Basi fikira ya kwamba kibali kikikosekana ujira nao hufa haikutoka katika haki. Imetoka katika tamaa, ikajivika nguo za haki.

Walakini insha hii ingekuwa nyepesi mno kama ingemlaumu jirani yetu na kuishia hapo. Yeye naye ni mkulima mdogo mwenye shida kubwa. Yamkini miezi mingi kabla ya mavuno alikuwa amekwisha kuiuza kahawa yake ikingali ua, kwa mpango uitwao butura, ambao kwao mwenye fedha hununua matunda yasiyoiva kwa bei ya huruma ndogo. Serikali imeupiga vita mpango huo mara nyingi, nao hurudi kila njaa au karo inaporudi. Kahawa iliyoanikwa mkekani hapa hupita kwa mchuuzi au chama cha msingi, ikaenda kwenye chama kikuu au kampuni ya ununuzi, ikakobolewa, ikavuka bahari, ikakaangwa, ikatiwa katika pakiti yenye picha ya mkulima anayecheka. Katika kila hatua kuna anayeipata sehemu yake kabla ya kuipitisha. Mkulima hupata kilichobaki baada ya wakubwa. Kibarua hupata kilichobaki baada ya mkulima. Na mara nyingine hakuna kilichobaki.

Hata nia njema imepata kumkosa mtu huyu. Biashara ya haki, ambayo Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, kimeshiriki kwa miaka mingi, ilibuniwa ili mkulima mdogo apate bei bora, na faida zake kwa mkulima sizikani. Lakini mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS cha London walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika Ethiopia na Uganda, wakaonyesha kwamba vibarua wa mahali palipokuwa na vyama vyenye cheti hicho hawakuwa na hali bora kuliko vibarua wa kwingine, na katika baadhi ya mambo hali yao ilikuwa duni zaidi. Matokeo hayo yamebishaniwa. Walakini mtu aliyekua katika kibanja hawezi kushangaa sana. Aliyekwenda kumtafuta maskini wa kijiji alimkuta mwenye shamba, akamwandika, akarudi. Aliyekuwa amelala uani hakuulizwa.

Hapa ndipo kibanja cha Kyerwa kinapofanana na makampuni makubwa ya dunia. Kwa siku hizi kampuni yenye kazi hupenda kutoajiri watu wa kazi hiyo. Huikabidhi kazi kwa wakala, wakala huwatafuta watu, na watu hutii amri za kampuni huku majina yao yakiwa katika daftari la wakala. Wakipata faida, faida ni ya kampuni; wakiumia, kampuni husema haiwajui. Mambo haya yalienea katika Tanzania hata mwaka 2014 Serikali ikatoa kanuni za mawakala wa ajira, zilizotaka mawakala wawatafutie watu kazi bila ya kujifanya waajiri wao. Huko Nairobi kampuni iitwayo Sama iliwaweka vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuchuja picha na maneno ya kutisha kwa niaba ya Meta, yenye mtandao wa Facebook. Kazi ilipokatizwa mwaka 2023, vijana zaidi ya 180 walikwenda mahakamani. Baadhi yao kibali chao cha kukaa Kenya kilifungamana na kazi ile ile waliyoipoteza. Meta ilijibu kwamba yenyewe haikuwa mwajiri wao, wala haiwezi kushitakiwa huko. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba yaweza kushitakiwa.

Lisikilize jibu lile kwa makini, msomaji: hao si watu wangu. Kisha lisikilize la jirani yetu: nimlipe nani? Lugha ni mbili, mavazi ni mawili, lakini fikira ni moja. Kampuni huweka wakala kati yake na mtu wa kazi; jirani aliweka mpaka wa nchi. Kila mmoja alitaka kushika haki ya kuamuru na kuiachia mikono mingine wajibu wa kulipa. Kwangu mimi shina la ubaya wote katika mambo ya kazi ni hilo: kuzitenga amri na dhamana. Aliyesema palilia, naye awe ndiye asemaye pokea. Akipatikana mtu wa kati, na awe daraja la kuvushia ujira. Asiwe pazia la kumfichia mdaiwa.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Ya kwanza ni daftari. Mwenye shamba anayeweza kuandika kilo za kahawa yake ana uwezo wa kuandika siku za mtu wake, na mtu huyo akapewa nakala yenye sahihi au alama ya dole gumba ya wote wawili. Ya pili ni kulipa kila mwezi, ili deni lisipate muda wa kunenepa mpaka likamtisha mdaiwa. Simu za mkononi zimeondoa udhuru wa zamani kwamba mgeni hana mahali pa kuweka fedha. Asiye na namba yake aweza kutumiwa kwa ndugu anayemwamini. Ya tatu ni ya wakuu: mtu anapochukuliwa kwa kukosa kibali, aulizwe swali moja la ziada, je, unamdai nani? Jibu liandikwe, na mdaiwa aitwe mbele ya serikali ya kijiji alipe kabla gari halijaondoka. Wakati mtu akijua kwamba kumtaja mgeni wake hakumfutii deni, wengi wa watajaji watanyamaza, na ofisa wa uhamiaji atabaki na kazi yake safi, asitumiwe kama mkusanyaji wa faida za watu wengine. Ya nne ni ya vyama vya ushirika: wanaopima ubora wa kahawa na wapime pia kama aliyeichuma alilipwa. Punje iliyo na unyevu hukataliwa mizanini. Mbona ile iliyo na jasho lisilolipwa hupita?

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kilimo. Kima hupitiwa na kubadilishwa. Lakini kwa mtu asiyeandikwa popote, kila kima ni hadithi ya nchi nyingine. Hawezi kupunjwa wala kuzidishiwa, maana mbele ya hesabu hayupo. Ndiyo sababu natanguliza jina mbele ya kiasi. Tukianza kwa kumwandika, siku moja tutagombana juu ya kiasi, na ugomvi huo utakuwa wa heri, kwa sababu utakuwa kati ya watu wawili.

Dini zetu mbili zimelisema jambo hili kwa wazi. Mwislamu amefundishwa kumlipa mtu wa kazi kabla jasho lake halijakauka. Mkristo amefundishwa kwamba ujira wa mtu wa kutwa usilale nyumbani mwa tajiri mpaka asubuhi. Mafundisho yote mawili hutaja muda mfupi sana, wala hakuna mahali yalipouliza kwanza mtu huyo alizaliwa ng'ambo gani ya mto. Wahenga nao walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika Karagwe na Kyerwa mgeni amekuja, na mwenyeji amepona: mashamba ya wazee wasio na nguvu yamebaki kijani, na karo za watoto wengi zimelipwa kwa kahawa iliyochumwa na mikono ambayo majina yake hatukuyauliza. Basi na tuyaulize, tuyaandike, tuyalipe. Mwenye kuvuna palipopaliliwa na mwingine ana karama. Mwenye kuvuna na kulipa ana heshima. Na mwenye kuvuna kisha akamfukuza aliyepalilia amekula umri wa mtu, wala hakuna mto upana wake watosha kumtenga na deni hilo.